Kivumbasi kinachofukuza mbu, kitanifukuzia na nyuki wa mikorosho?

Mwanakitangari (Newala)

Hamjambo wadau. Walionizidi umri, shikamooni.

Niko Kitangari, Newala. Nina shamba la mikorosho 46 ambalo mjomba alinikabidhi mwaka 2016. Ni ardhi ya upande wa mama, na bibi mzaa mama amezikwa pembeni yake. Pale ukingoni, bibi alipokuwa na kibanda chake, kulikuwa na kivumbasi. Kilikuwa kichaka cha urefu wa mtu mzima, shina lake limekomaa kama la mbaazi ya mwaka wa pili, na ukikipita ukakigusa na bega unanukia karafuu mpaka unafika nyumbani. Jioni bibi alikuwa anavunja matawi mawili, moja la mlangoni, jingine la uvunguni mwa kitanda. Kunde zake za mbegu alizihifadhi kwenye chungu pamoja na majani yake makavu, na sikumbuki kuona kunde yake iliyotobolewa.

Ninachokikumbuka zaidi ni mvumo wake. Asubuhi kama saa mbili, jua likishapanda kidogo, kichaka kilikuwa kinavuma. Walikuwapo nyuki wa kawaida, nyuki wadogo wasiouma, yale manyuki makubwa meusi yanayotoboa boriti, vipepeo vidogo vya rangi ya majivu, na nzi fulani wenye mistari ya njano wanaosimama hewani bila kusogea. Nilipokuwa mtoto nilidhani ni kichaka chenyewe kinachonguruma, nikawa naogopa kukipita peke yangu.

Hakipo tena. Mwaka 2021, wakati kila nyumba inapiga nyungu, yaani kujifukiza mvuke wa majani, watu walikuja kuchuma. Sikumnyima mtu. Mtu ana mgonjwa ndani, unamnyimaje majani? Lakini waliochelewa walikuta matawi yamebaki matupu, wakang'oa na mizizi. Nilipokwenda shamba mwisho wa ule mwezi nilikuta shimo. Nilikaa chini pale pale, na siwezi kuwaeleza vizuri nilivyojisikia, kwa sababu kile ndicho kitu cha mwisho cha bibi kilichokuwa bado kinaishi.

Sasa nije kwenye mikorosho. Sisemi kichaka kimoja ndicho kilicholisha nyuki wa shamba zima. Ila Julai iliyopita nilikaa chini ya mkorosho mmoja uliochanua vizuri, kuanzia saa tatu mpaka saa tano asubuhi, nikawa nahesabu. Nilipata nyuki 11. Waliobaki ni nzi na sisimizi. Tunajua wenyewe shada la mkorosho lilivyo: maua mengi ni dume tupu, machache ndiyo yenye dume na jike pamoja, na hayo machache ndiyo yanayofunga korosho. Chavua yake inanata, upepo hauwezi kuibeba, lazima apite mdudu. Nimeweka mizinga mitatu tangu mwaka juzi. Miwili nyuki waliingia, wakakaa, wakaondoka mvua zilipokolea, wakaniachia masega meupe hayana kitu. Huo wa tatu hawajawahi hata kuukagua.

Nikaamua nirudishe kivumbasi, tena safari hii kiwe mstari mzima ukingoni mwa shamba. Nimejaribu mara tatu. Mara ya kwanza nilipanda mbegu kama ninavyopanda choroko, nikachimba vijishimo, nikafukia. Hakuna kilichoota. Mara ya pili nilimwaga juu ya tuta, ikaja mvua ya Desemba ile ya kishindo, ikasomba mbegu na tuta lenyewe. Mara ya tatu jirani alinipa mbegu alizosema ni za kivumbasi, zikaota vizuri sana, zikafika magotini, zikachanua maua meupe, nyuki wakaja, nikafurahi. Mvua zilipokatika Mei ikakauka yote, shina na mizizi. Cha bibi hakikuwa kinakufa. Kiangazi kilikuwa kinapukutisha majani, kinabaki mifupa, na mvua za kwanza tu kinachipua.

Jambo la pili ni mjomba. Ana miaka 78, amelima mikorosho tangu kabla sijazaliwa, na neno lake silipuuzi. Aliponiona natayarisha mstari aliniuliza hivi: "Mmea unaofukuza mbu utaachaje kufukuza nyuki?" Nikamwambia mbona cha bibi kilikuwa kimejaa nyuki. Akanyamaza kidogo, akasema, "Basi kama hakiwafukuzi, kitawavuta wabaki kwenye kivumbasi, na mikorosho yako ichanue bila mgeni." Sikuwa na jibu. Nimelala na hilo swali wiki mbili sasa.

Jambo la tatu ni maji. Mnaojua uwanda huu wa Makonde mnajua. Mchanga mwekundu, mvua ikinyesha inazama moja kwa moja, na kuanzia Agosti ndoo ya lita 20 inanunuliwa. Siwezi kumwagilia mstari wa mita hamsini.

Naombeni mnisaidie. Kivumbasi cha kudumu nakipataje na nakipandaje? Kitavukaje kiangazi? Na mjomba nimjibu nini? Natanguliza shukrani.

---

Mzee wa Mizinga (Nachingwea)

Marahaba mwanangu. Umeeleza vizuri mpaka nimekiona hicho kichaka.

Nianze na mjomba wako, maana swali lake ni la mtu anayefikiri. Mimi nimefuga nyuki miaka thelathini na kitu, kwanza kwenye magogo, sasa nina na ya tope baa, ile mizinga yenye vijiti juu ambapo nyuki hujenga masega. Unajua ninachopaka ndani ya mzinga mpya ili kundi liingie? Napaka nta, halafu nasugua mchaichai. Mchaichai ule ule ambao watu wanaupanda madirishani kufukuza mbu. Harufu yake inakaribiana na ile ambayo nyuki wenyewe wanaitoa wakiitana nyumbani. Kwa hiyo mmea mmoja unamkera mbu na unamwita nyuki. Mwambie mjomba ajaribu kwenye huo mzinga wako wa tatu, ataona mwenyewe.

Na kivumbasi ni hivyo hivyo. Ile harufu ya karafuu imo kwenye majani, na ni mafuta yenye kiini kile kile cha karafuu ya dukani. Hiyo ni silaha ya mmea dhidi ya wanaotaka kuyala majani. Ua ni jambo jingine. Ndani ya ua kuna mbochi, yale maji matamu, na kuna chavua, na ua lenyewe ni fupi, hata nyuki mdogo asiyeuma anafikisha ulimi. Nyuki haendi kula jani.

Swali la pili la mjomba ndilo gumu, na ana haki. Ni kweli nyuki wakipata chakula kizuri mahali wanang'ang'ania hapo. Kwa hiyo usiache kivumbasi kichanue sambamba na mikorosho. Tazama mwaka wako ulivyo. Huku kwetu ufuta unachanua Machi na Aprili, kuanzia Mei inaingia mbaazi, halafu kuanzia Juni mikorosho, na kabla ya mvua miombo inachanua. Nyuki wangu wana mahali pa kushika karibu mwaka mzima. Wewe huko juu una mikorosho kila upande, na kabla ya mikorosho kuna nini? Mihogo? Hayo masega meupe uliyoyakuta ni njaa. Kundi lilijenga, likakosa cha kutia ndani, likahama. Chakula chako kinatakiwa kiwepo Februari mpaka Mei, ili Juni ikifika kundi liwe kubwa, lina wafanyakazi wa kutosha kwenda kwenye mikorosho.

Kwa hiyo kivumbasi kiache kichanue mvua zinapoendelea. Ikifika mwisho wa Mei, ukiona vitawi vya mkorosho vinaanza kutoa mashada, chukua panga kali ukikate kifike magotini. Maua yanaondoka, nyuki wanahamia juu. Hapo ndipo utakapohesabu tena, na usihesabu siku moja, hesabu siku tatu tofauti, maana siku ya upepo nyuki hatoki.

Mizinga yako iko umbali gani na shamba, na umeiwekea maji? Kiangazi nyuki anahitaji maji kama wewe. Karai lenye mawe ndani ili asizame, linatosha.

---

Kijana wa Ruangwa

Dada shikamoo. Mimi naona kama unajipa kazi kubwa. Shamba la baba hapa Ruangwa halijawahi kuwa na mzinga wala kivumbasi na korosho tunavuna. Nzi na sisimizi wanatosha, na majimoto, wale sisimizi wekundu wa mitini, tunao wengi wanakula mbu wa mikorosho, yaani wadudu wanaofyonza machipukizi, si mbu wa kuuma watu. Hela ya kuhangaikia maua si bora ukanunua salfa mapema?

---

Mzee wa Mizinga (Nachingwea)

Kijana, majimoto nakubaliana nawe, yalinde, wengi wanayachoma kwa sababu yanauma na huo ni ujinga. Salfa nayo ni ya lazima, ubwiri unga, ule ukungu mweupe, ukilikamata shada hakuna nyuki atakayelisaidia. Lakini salfa inalinda ua, haitii chavua. Na Ruangwa mna pori. Nyuki wa baba yako wanatoka kwenye miti yenye mashimo huko porini, hamjawahi kuwaona nyumbani kwao basi mnadhani hawapo. Mwanakitangari amekaa katikati ya mikorosho na mihogo mpaka macho yanapoishia. Si hali moja.

---

Bi Mikindani

Dada Mwanakitangari, pole kwa kichaka cha bibi. Mimi ninauza vikuba, vile vifungu vya maua ya kunukia, na miche hapa Mikindani, mambo ya rehani na kivumbasi nimekulia humo.

Ulichopewa na jirani yako ni kivumbasi, hakukudanganya, ila ni kile kidogo. Watu wanaviita vyote jina moja. Kile kidogo kinaishia magotini, ua lake ni jeupe, kinazaa mbegu nyingi, kinakufa mvua zikikatika, na mwaka unaofuata kinaota upya kwenye mbegu zilizodondoka. Nyuki wanakipenda pia, usikidharau. Cha bibi yako ni kivumbasi kikubwa, wataalamu wanakiita Ocimum gratissimum, nacho ni cha hapa hapa Afrika, hakikuletwa na jahazi. Kinafika mita moja na nusu, mbili, chini kinakuwa mti, maua yake si meupe sawasawa, yana ukijani au umanjano kidogo, na harufu yake ndiyo hiyo ya karafuu. Mrehani wa kikuba ni wa tatu, huo majani yake laini, harufu tamu, na haudumu.

Ukipewa mbegu na hujui ni zipi, tia chache kwenye kijiko cha maji usubiri robo saa. Za mrehani na za kivumbasi kidogo zinajivika ute, zinakuwa kama mayai ya chura. Za kivumbasi kikubwa hazifanyi hivyo, au zinafanya kidogo sana mpaka utafute. Nimeepuka hasara nyingi kwa kijiko hicho.

Mbegu zako za kwanza zilikufa kwa sababu ulizifukia. Hii mbegu inataka mwanga ndipo iote. Unaichanganya na mchanga mkavu ili usirundike, unainyunyiza juu ya udongo ulioloweshwa, unaigandamiza na kiganja tu, basi. Juu unaegesha makuti ya kupunguza jua na kishindo cha mvua, lakini yainue, yasilalie udongo. Maji usimwage. Chovya fungu la majani kwenye ndoo ukung'utie juu yake kama mtu anayenyunyiza marashi.

Lakini mimi kwa kivumbasi kikubwa sihangaiki na mbegu kabisa, napanda kwa vipandikizi. Tafuta tawi ambalo halijatoa ua, lisiwe laini la ncha wala lisiwe limekuwa kuni, lile la katikati ambalo ukilikunja linatii kidogo halafu linavunjika. Kata urefu wa kiganja na vidole, kama sentimita 15, chini kidogo ya kifundo. Toa majani ya chini yote. Ya juu bakisha manne, na hayo manne uyakate nusu, maana jani kubwa linanyonya maji ambayo kipandikizi hakina mizizi ya kuyatafuta. Chomeka kwenye mchanga wenye unyevu kivulini, vifundo viwili viwe chini ya mchanga. Chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, kata kitako, funika nayo, kifuniko ukifungue mchana. Wiki mbili mpaka tatu, livute kidogo kwa vidole viwili. Likikugomea, lina mizizi.

Wengi wanaharibu hapa: wakiona limechipua wanalipeleka shambani siku hiyo hiyo. Lihamishie kwenye mfuko wenye udongo na samadi iliyooza, likae wiki tatu nyingine, kila siku ulisogeze kwenye jua zaidi. Kwenu huko panda shambani mvua zikishatulia, mwisho wa Desemba au Januari, lipate miezi minne ya kushuka chini kabla ya kiangazi. Ukichelewa mpaka Machi utakuwa unapanda kuni.

Na jambo moja, dada. Umesema waling'oa na mizizi. Umewauliza walikoipeleka? Kivumbasi kilichong'olewa na mzizi wake hakifi siku hiyo. Mtu akishamaliza kuchuma majani, kile kisiki anakitupa nyuma ya nyumba. Ukikosa kabisa nitakutumia matawi kwa basi, nitayafunga kwenye kitambaa kibichi na jani la mgomba. Ila kauliza kwanza.

---

Ugani Tandahimba

Nimesoma yote, Bi Mikindani amemaliza habari ya miche. Naongeza mawili tu, upepo na maji.

Msimu wa kupuliza mikorosho ni msimu wa kusi. Upepo unatoka kusini na kusini mashariki, unasukuma kila kitu kuelekea kaskazini. Kwa hiyo mstari wa kivumbasi uweke ukingo wa kusini wa shamba, salfa na dawa ziende mbali nacho. Ukiuweka kaskazini utakuwa umewaandalia nyuki chakula chenye vumbi. Salfa ya unga tunapuliza alfajiri, majani yana umande na upepo umelala, kabla nyuki hawajatoka, hiyo haina shida kubwa kwao. Hatari ni dawa za maji za kuua mbu wa mikorosho. Hizo zinaua na nyuki. Ukilazimika, subiri jioni nyuki wamerudi, na usipulize kwa ratiba, puliza ukiona machipukizi yanaungua. Majani ya kivumbasi yaliyopata dawa yasichumwe kwa nyungu wala chai, hili wambieni na majirani.

Maji: usimwagilie mstari, zika vyungu. Akina mama wa kimakonde wanafinyanga vyungu ambavyo havijapakwa kitu, vinavuja jasho. Zika kimoja kati ya kila miche miwili, mdomo uwe juu ya ardhi, jaza, funika na kigae. Maji yanapenya taratibu, mizizi inayafuata. Kwa mwaka wa kwanza tu. Mwaka wa pili kivumbasi kina mizizi yake, kikipukutisha majani Septemba kiache, hakijafa. Miche iachane mita moja. Matandazo ya nyasi kavu weka, ila yaache shina kwa upana wa kiganja, vinginevyo unaita mchwa.

Kwa habari za mikorosho yenyewe, mlio karibu nendeni TARI Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo, kiko hapo hapo Mtwara.

---

Mwanakitangari (Newala)

Nimerudi. Ni Februari sasa, naomba radhi kwa kukaa kimya, nilitaka nirudi na kitu mkononi.

Bi Mikindani, Mungu akuweke. Nilifanya ulivyoniambia, nikaenda kuuliza. Nyumba ya kwanza hawakukumbuka. Ya pili walisema walikitupa. Ya tano, kijiji cha pili kutoka kwetu, mama mmoja alinishika mkono akanipeleka nyuma ya bafu lake. Kipo. Alichukua kisiki mwaka ule, mume wake akiwa mgonjwa, akachuma majani, na kisiki akaona haya kukitupa kwa sababu alijua ni cha marehemu bibi. Akakizika pale, maji ya kuoga yakakilisha. Kimenizidi urefu. Nilisugua jani moja, nikalia mbele ya watu. Alikuwa anaogopa siku zote kwamba nitakuja kumdai.

Nilikata vipandikizi 30. Ishirini na mbili vilitoa mizizi. Kuku wa jirani walifukua vitatu kwenye mifuko, vimebaki 19. Nilipanda tarehe 4 Januari, ukingo wa kusini, mita moja moja. Vyungu nimenunua tisa, vimezikwa, sijavijaza bado kwa sababu mvua inatosha. Ile siku ya jua kali mwishoni mwa Januari, mvua ilipokata siku kumi na mbili, miche miwili ililegea, nikaimwagilia kwa maji ya kusuuzia vyombo, ikasimama. Yote 19 iko hai mpaka leo asubuhi.

Mjomba nilimsomea jibu la Mzee wa Mizinga, neno kwa neno. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza huyo mzee ni wa wapi, nikasema Nachingwea, akasema "Haya." Siku ya pili nilimkuta shambani anasugua mchaichai ndani ya ule mzinga wa tatu. Mzinga nilikuwa nimeuweka katikati ya mikorosho, yeye akauhamishia kwenye mwembe wa zamani karibu na kaburi la bibi, penye kivuli cha mchana. Wameingia wiki mbili zilizopita. Anakwenda kuwatazama kila jioni na kiti chake, na karai la maji lenye mawe ameliweka yeye.

Mzee wa Mizinga, habari ya kukata mwisho wa Mei nimeielewa, ila mwaka huu miche bado midogo. Nikate hivyo hivyo? Na swali kwa Bi Mikindani: mche mmoja haujafika goti na tayari umetoa shada la maua. Nimekwenda mara mbili na kisu nikashindwa kulikata. Niliache?

---

Mzee wa Mizinga (Nachingwea)

Mwaka huu punguza ncha tu, usikate mpaka chini, acha majani ya kijani ya kutosha. Kukata kukubwa anza mwakani. Na hao walioingia usiwafungulie kutazama kila siku, mwambie na mjomba. Wape mwezi mzima. Ukitaka kujua hali yao kaa pembeni, tazama mlangoni: ukiona wanaorudi wana vidonge vya rangi miguuni, wamebeba chavua, ndani kuna watoto.

---

Bi Mikindani

Nimeusoma ujumbe wako mara mbili, nikamsomea na binti yangu.

Likate dada. Mche wa mwezi mmoja ukiachiwa uchanue unamalizia nguvu juu, na wewe unataka ushuke chini kabla ya kiangazi. Kata juu ya jozi ya majani, pale pale yatatoka matawi mawili, na mwezi wa nne yatachanua yote mawili. Fanya hivyo kwa kila mche utakaoharakisha. Kata asubuhi mapema, nyuki hawajafika. Hilo shada usilitupe, litundike mlangoni.

Na yule mama mpelekee miche miwili.

---

Mwanakitangari (Newala)

Nimelikata leo saa kumi na mbili na nusu. Miche ya yule mama ninayo kwenye mifuko, ni vipandikizi vipya nilivyochomeka wiki iliyopita, vikishika nitampelekea mwenyewe kwa mkono.